Mcheza kwao hatunzwi: George Foreman, shati la Barcelona na redio ya Kigonze

BUNIA. George Foreman alifariki tarehe 21 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 76. Muhammad Ali alikuwa amemtangulia tarehe 3 Juni 2016. Wanaume wawili waliopigana Kinshasa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974 wote sasa wako chini ya udongo.

Katika Kongo jina la Foreman halitajwi peke yake. Linafuata nyuma ya jina la Ali, kama kivuli. Mzee akisimulia pambano lile, Ali ndiye mtoto wa nyumbani na Foreman ni yule jitu aliyeangushwa raundi ya 8. Vijana wa leo, hata waliozaliwa miaka 30 baada ya pale, wanajua kelele ya uwanjani kwa Lingala, "Ali boma ye", Ali muue. Wachache wanajua yule aliyekuwa anaombewa kifo alitoka wapi, nani alimtoa huko, na alirudi kufanya nini baada ya kuanguka.

Hilo ni kosa, na kwa mkaaji wa Bunia ni kosa linaloumiza. Maana maisha ya Foreman yana jambo moja linaloihusu Ituri kuliko usiku wote wa Kinshasa: ni kijana maskini, mgomvi, aliyeacha shule, ambaye serikali ya nchi yake ilimkusanya kambini pamoja na vijana wengine, na ambaye humo kambini, akiwa amekaa mbele ya redio, alisikia njia ya kutokea.

Viongozi wa nchi hii wanaopenda kutaja 1974 hawalitaji jambo hilo. Wanachokumbuka ni taa na kamera. Redio wameisahau.

Kijana mbele ya redio

Foreman alizaliwa mwaka 1949 Marshall, jimbo la Texas, akakulia Houston katika mtaa wa watu weusi maskini. Mama yake alilea watoto 7. Kijana alikuwa na mwili mkubwa na hasira kubwa zaidi. Mwenyewe alikiri hadharani, mara nyingi, kwamba alikuwa anapora watu njiani. Alisimulia usiku mmoja alipojificha chini ya nyumba akajipaka matope ya maji machafu ili mbwa wa polisi wasimnuse. Ukitoa majina ya Marekani, hiyo ni hadithi ambayo mama yeyote wa Bunia anaweza kuisimulia juu ya mtoto wa jirani.

Mwaka 1965, akiwa na miaka 16, aliingia Job Corps, mpango ambao serikali ya Marekani ilikuwa imeuanzisha mwaka mmoja tu nyuma kwa ajili ya vijana wasio na shule wala kazi. Waliwekwa kambini, wakalishwa, wakafundishwa kusoma na kufanya kazi za mikono. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, Muhammad Ali alipigana na Floyd Patterson. Vijana wa kambini walilisikiliza pambano hilo kwa redio. Foreman alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo mwenzake mmoja alipomtania: wewe unayetuonea sisi kila siku, kama kweli ni hodari, kwa nini usiende kupigana ngumi ulingoni?

Alikwenda. Alipohamishiwa kambi nyingine, California, akamkuta kocha, Doc Broadus, aliyemfundisha. Mwaka 1968, miaka 3 tu baada ya ile redio, Foreman alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Mexico. Mwaka 1973 akamwangusha Joe Frazier mara 6 katika raundi 2 huko Jamaika na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alipotua Kinshasa mwaka 1974 alikuwa ameshinda mapambano yote 40 aliyopigana.

Tuhesabu vizuri kilichohitajika hapo. Kulikuwa na kambi, lakini kambi peke yake hufuga vijana kama mbuzi. Kulikuwa na chakula, lakini chakula peke yake hulisha hasira. Kulikuwa na redio iliyoleta sauti ya mbali, na kulikuwa na kocha wa kumpokea kijana mara sauti ile ilipomgusa. Ondoa redio, yule kijana anabaki kuwapiga wenzake. Ondoa kocha, anabaki na ndoto tu. Vyote viwili vilikuwepo, na dunia ikapata bingwa.

Katika Kigonze, pembeni ya mji wa Bunia, kuna watu zaidi ya elfu kumi waliokimbia vita, wengi kutoka Djugu. Vijana wenye miaka 16 hawakosekani. Hasira haikosekani. Mwenye redio yuko hapa na pale, na redio moja ina masikio kumi yaliyoizunguka. Lakini hiyo redio inawaambia nini vijana hao juu ya mchezo? Na akitokea wa kuguswa, ni nani anayempokea?

Milioni 10 za jana

Wanaosifu 1974 hupenda kusema kwamba Mobutu aliiweka nchi kwenye ramani. Basi iangaliwe hesabu ya ramani hiyo.

Ali na Foreman waliahidiwa dola milioni 5 kila mmoja. Dola milioni 10 kwa usiku mmoja, na serikali ya Zaire ndiyo iliyozibeba. Pambano lilipangwa tarehe 25 Septemba, likaahirishwa baada ya Foreman kupasuka juu ya jicho mazoezini. Hatimaye kengele ya kwanza ililia Kinshasa karibu na saa kumi usiku. Kwa nini saa kumi usiku? Kwa sababu Marekani ilikuwa bado jioni, na mwenye kulipa kiingilio cha kutazama picha alikuwa huko. Mkongomani alitakiwa kukesha ili mtu wa New York apate kulala mapema. Hata saa ya ukutani ilijua karamu ile ilipikwa kwa ajili ya nani.

Bunia ilikuwa zaidi ya kilometa 1,700 kutoka ulingoni, na huku saa iko mbele kwa saa moja: kulikuwa karibu kupambazuka. Kwa watu wa mbali namna hiyo, ndani ya nchi yao wenyewe, pambano halikuwa picha. Lilikuwa habari ya masikio, lililofika kwa redio na kwa mtu aliyemsikia mwenye redio. Na bado wakalifanya kuwa lao. Hakuna mtu wa Ituri aliyekuwa kwenye viti vya mbele pamoja na wageni wa Mobutu, lakini hadi leo wapo wazee wa huku wanaoweza kukuonyesha kwa mikono yao jinsi Ali alivyoegemea kamba, akamwacha Foreman apige, apige, apige mpaka mikono ikawa mizito kama magogo. Sauti ilitosha kuwapa pambano zima.

Sasa iwekwe pembeni ya hesabu hiyo timu ya taifa ya mwaka uleule. Machi 1974 Leopards walichukua Kombe la Afrika nchini Misri. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano hayo. Juni wakaenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Afrika weusi kufika huko. Waliahidiwa zawadi na marupurupu, na wachezaji wenyewe wamesimulia jinsi fedha zilivyopotelea mikononi mwa wakubwa. Walifungwa na Yugoslavia 9 kwa 0, wakarudi nyumbani na aibu. Ndaye Mulamba, mfalme wa mabao, baadaye alipigwa risasi mguuni na majambazi, akakimbilia Afrika Kusini na kuishi huko maisha ya mkimbizi. Alifariki huko Januari 2019.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Zaire ya 1974 iliigeuza methali hiyo. Wageni wawili walilipwa milioni 5 kwa 5. Mwenyeji aliyeipa nchi mabao 9 alizeeka ukimbizini.

Milioni 40 za leo

Ingekuwa hadithi ya zamani tu, ingeachwa ipumzike pamoja na Mobutu. Lakini mwaka 2025, miezi michache baada ya Foreman kuzikwa, serikali ya Kinshasa ilifanya hesabu ileile kwa kalamu mpya. Juni ilitangazwa kwamba imeingia mkataba na klabu ya AS Monaco ya misimu mitatu. AC Milan nayo ikafuata. Mwisho wa Julai ikawa zamu ya FC Barcelona: miaka 4, na vyombo vya habari vya kimataifa vikaandika kwamba mkataba unazidi euro milioni 40. Wachezaji watavaa wakiwa mazoezini mashati yenye maneno ya Kifaransa mgongoni kwamba Kongo ni moyo wa Afrika.

Watetezi wa mikataba hii wana hoja zao, na si za kipuuzi. Wanasema nchi inahitaji wawekezaji na watalii. Wanasema Rwanda ilianza kutangaza jina lake kwa Arsenal mwaka 2018, na Kongo haiwezi kukaa kimya wakati jirani anasikika. Wanasema mkataba wa Barcelona una kipengele cha kuwafundisha michezo watoto wa Kongo.

Hoja ya utalii ijibiwe na mtu anayejua barabara ya Bunia kwenda Mahagi au ya Bunia kwenda Komanda. Mtalii atakayesoma neno "moyo" mgongoni mwa mchezaji na kupanda ndege kuja Ituri atakuta jimbo ambalo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, ambamo raia mwenyewe anaomba Mungu kabla ya kupanda gari. Kutangaza nyumba ambayo bado inaungua hakuleti wapangaji.

Hoja ya jirani nayo ni dhaifu. Jina la Kongo lina uhaba wa nini duniani? Linatajwa kila siku, kwa kobalti, kwa dhahabu, kwa maiti. Kinachopungua ni Mkongomani wa ndani kusikia nchi yake ikimtaja yeye.

Imebaki hoja ya watoto, na hapo serikali ishikwe kwa maneno yake. Kama mafunzo ya watoto yamo katika mkataba, basi ituambie hadharani: watoto wa wapi? Mtoto wa Kigonze yumo? Wa Rhoe, wa Drodro, wa Komanda? Au watoto wa Kongo, kama kawaida, maana yake watoto wa Kinshasa wanaokaa karibu na uwanja wenye nyasi? Mkataba usemwe kwa Kiswahili, kwenye redio, ili wenye kuusubiri wajue kama wanasubiri kitu.

Sehemu moja kwa mia ya euro milioni 40 ni euro laki 4. Mwambie tarakimu hiyo mtu anayeendesha redio ndogo yoyote ya jimbo hili, anayehesabu mafuta ya jenereta kwa lita na kuzima mitambo mapema ili yafike kesho. Usimwambie milioni 40, atadhani unamdhihaki.

"Watu wanakufa, ninyi mnaongea mchezo"

Kuna sauti nyingine ya kujibiwa, na hii haitoki Kinshasa. Inatoka hapahapa Bunia, kwa watu wema: viongozi wa dini, wafanyakazi wa mashirika, hata waandishi wa habari. Inasema: jimbo lina zaidi ya watu milioni moja waliohama makwao. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 watu zaidi ya 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, watu ambao tayari walikuwa wamekimbia. Katika hali hiyo, saa ya redio itolewe kwa usalama, kwa chakula, kwa magonjwa. Mchezo ungoje amani.

Ni hoja inayostahili heshima kwa sababu ya machozi yaliyomo ndani yake. Lakini si ya kweli.

Kwanza, aliyekimbia vita hakuacha utu wake kijijini. Alitoka na watoto, na sufuria, na kama alibahatika akatoka na redio. Ni mtu yuleyule aliyekuwa anajua matokeo ya mechi ya Jumapili na kubishana juu yake hadi Jumatano. Kumwambia sasa kwamba masikio yake yanastahili tu matangazo ya kipindupindu na mgao wa unga ni kumfanya mgonjwa wa maisha yote. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na anayelala kitandani hajui jinsi usiku wa turubai ulivyo mrefu.

Pili, vita vyenyewe havingoji. Tangu Djugu ilipowaka tena mwezi wa Desemba 2017, mtoto aliyekuwa na miaka 8 wakati ule sasa ana umri wa kubeba bunduki. Wenye silaha wanajua hilo vizuri. Hawasemi "tungoje amani ndipo tuwafundishe vijana". Wanakuja na kundi, na jina, na wimbo, na kamanda anayemwita kijana kwa jina lake. Wanampa kitu ambacho mama yake kambini hawezi kumpa: nafasi ya kuwa hodari mbele ya wenzake. Ukitaka kumzuia kijana huyo kwa semina na bango tu, umeshashindwa kabla ya kuanza. Foreman hakuacha kupora kwa sababu ya bango. Aliacha kwa sababu alionyeshwa mahali pengine pa kuwa hodari.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mchezo unafundisha jambo ambalo vita vya Ituri vimelifuta vichwani. Ngumi ni ukali, hakuna anayekataa. Lakini ukali ule una kengele. Una mwamuzi. Ukimwangusha mwenzako unakwenda kwenye kona isiyo ya upande wowote na kusubiri, huku akihesabiwa hadi kumi, na akisimama mnaendelea kwa sheria ileile. Ni marufuku kumpiga aliye chini. Huku Ituri, aliye chini ndiye anayepigwa: mama aliyelala, mtoto mgongoni, mgonjwa hospitalini. Kijana anayesikiliza pambano kwa redio, mtangazaji akimwambia "mwamuzi ameingia kati, amewatenganisha", anajifunza bila kufundishwa kwamba wanaume wanaweza kupigana na mmoja akashindwa na wote wakarudi nyumbani.

Na mwisho wa Ali na Foreman unathibitisha. Foreman aliondoka Kinshasa amevunjika moyo kwa miaka. Lakini Machi 1997, filamu iliyohusu pambano lao ilipopata tuzo ya Oscar, Ali akiwa tayari anatetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, aliyemshika mkono akampandisha ngazi za jukwaani alikuwa Foreman. Aliyeangushwa alimsaidia aliyemwangusha kupanda. Katika jimbo ambamo majirani wa miaka mingi wanakwepana sokoni kwa sababu ya kabila, ni kipindi gani cha maridhiano kingesema zaidi ya hapo?

Sauti zinazopungua

Kuna watakaosema redio imepitwa, siku hizi ni simu. Waende kambini wakaulize kuchaji simu ni kiasi gani, na megabaiti ni kiasi gani, na mwenye simu ni nani kati ya baba, mama na watoto 6. Simu humwingizia kijana mchezo kwa mlango wa kubahatisha: aweke franka 500 juu ya timu ya Ulaya asiyoijua, apoteze, arudie. Redio haimwombi kitu. Mama anayetwanga anaisikia, kipofu anaisikia, asiyejua kusoma anaisikia.

Lakini sauti zinazofika huku zinapungua, na zinapungua upesi. Tarehe 15 Machi 2025, siku 6 kabla ya Foreman kufa, wafanyakazi karibu wote wa Sauti ya Amerika walipewa likizo ya lazima kwa amri ya Washington, na Kiswahili chake, kilichozoeleka katika vibanda vingi vya Afrika Mashariki na Kongo, kikanyamaza. Redio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo Februari 2002, imesimama juu ya Umoja wa Mataifa, na MONUSCO ilishafunga milango Kivu Kusini mwaka 2024. Kila mtu mwenye akili Ituri anajua kwamba siku ya kuondoka kwao huku inahesabiwa. Wageni hawakuahidi kututangazia milele.

Kitakachobaki ni redio za hapa, na hizo nazo zisikwepe lawama. Mara nyingi dakika za michezo ndizo za kwanza kukatwa mwenye matangazo ya kulipia akija. Na zinapobaki, zinajazwa Madrid na Manchester, habari iliyonakiliwa kutoka intaneti, wakati nyuma ya kambi vijana wa Djugu na vijana wa mtaa wamecheza mechi ambayo watu mia tano waliitazama na hakuna kipaza sauti kilichofika. Mtoto aliyefunga bao siku hiyo angesikia jina lake likitajwa redioni jioni, angelala akiwa mtu mwingine. Hilo halihitaji Barcelona. Linahitaji mtangazaji mmoja, pikipiki moja na dakika tatu.

Kinachodaiwa

Madai ni machache, na hakuna hata moja lisilowezekana.

Serikali ya taifa iseme wazi ni sehemu gani ya fedha za mikataba ya Ulaya itakayofika katika majimbo ya vita, kwa mahesabu, si kwa hotuba. Kama ni sifuri, iseme sifuri.

Gavana wa jimbo na mashirika yanayosaidia waliohama wahesabu redio ya sola na mpira kuwa ni msaada, kama wanavyohesabu blanketi. Kila kambi ipate mahali pa kusikiliza pamoja, na karibu na mahali hapo pawe na kiwanja na mtu wa kufundisha. Redio bila kocha ni ndoto, kocha bila redio hapati wa kufundisha.

Redio za Bunia zitoe saa moja kila juma kwa michezo ya hapa, kwa Kiswahili kwanza, na inapowezekana kwa Kilendu, Kihema, Kialur na Kibira. Mechi ya kambi na mtaa itangazwe kama fainali, majina yatajwe yote. Anayefunga bao asiulizwe kabila lake hewani.

Wenye kubeza wakumbuke Foreman alifanya nini alipoanguka mara ya pili. Aliacha ngumi mwaka 1977, akawa mhubiri Houston, akafungua kituo cha vijana katika mji uleule ambao aliwahi kupora watu. Fedha za kituo zilipokauka, mwaka 1987 alirudi ulingoni akiwa na miaka 38, mnene, anachekwa, ili kituo kisifungwe. Mwaka 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer raundi ya 10 na kuwa bingwa wa dunia tena. Alikuwa amevaa bukta ileile nyekundu ya Kinshasa, na katika kona yake alikaa Angelo Dundee, kocha aliyekuwa upande wa Ali usiku ule wa 1974.

Mtu mmoja aliyeokolewa na kambi na redio alirudi kupigwa usoni kwa miaka 7 ili vijana wengine wapate mahali pa kwenda. Serikali yenye kobalti, dhahabu na shaba inasema haina njia ya kufikisha mpira na mtangazaji Kigonze, lakini imepata njia ya kufikisha milioni 40 Barcelona. Foreman alilipa kwa mwili wake. Kinshasa inaombwa kulipa kwa fedha ambazo tayari ni za wananchi.